Mtu wa Kukupokelea

Louisville, katika jimbo la Kentucky, ni mji unaoishi kwa vifurushi. Usiku ndege za UPS hushuka moja nyuma ya nyingine kwenye kituo cha Worldport, chenye uwezo wa kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa, na wasemaji wenzetu wa Kiswahili, hasa Wakongomani waliokuja kama wakimbizi, wamo kati ya wanaopakua na kupakia. Lakini yaliyonifikirisha zaidi nimeyaona kwenye duka dogo la jengo la maduka mtaani kwetu, lililobanwa kati ya saluni na muuza simu. Hapo watu hutuma mizigo, huprinti, hutoa kopi, na hupanga visanduku vya barua.

Biashara hii si ya kale sana. Mail Boxes Etc. ilianzia California mwaka 1980. UPS ikainunua 2001, na 2003 maduka yake mengi ya Marekani yakaanza kuitwa The UPS Store. Wapo na wengine wengi wanaofanya kazi hiyohiyo.

Kisanduku hupewi kwa sababu tu una hela. Unajaza fomu ya posta namba 1583, unaonyesha vitambulisho viwili, unatia saini mbele ya mhudumu au mthibitishaji wa umma. Maana yake ni kwamba umemruhusu mwenye duka akupokelee barua. Nilipoisoma nilicheka. Jambo hilo Tanzania tumelifanya tangu utotoni bila fomu yoyote. Barua haikufika mlangoni, ilifika S.L.P., na sisi wengi hatukuwa na sanduku. Tulitumia la shule, la parokia, la msikiti, la mjomba aliyeajiriwa halmashauri. Ukiandika jina lako, chini yake “kwa Mwalimu Mkuu”, tayari na wewe una anwani.

Sitausifu utaratibu ule kupita kiasi. Barua iliyopita mikono mitano ilikuwa imeshasomwa na wawili. Binti akiandikiwa na mtu wa mbali, mtaa mzima ulijua kabla yake. Kwa hiyo simshangai anayelipa kila mwezi ili mambo yake yabaki yake. Hapa dukani wateja ni madereva wa malori wasiolala nyumbani wiki nzima, kina mama wanaouza vitenge mtandaoni na hawataki mteja mwenye hasira ajue wanakoishi, na wapangaji wanaohama kila mkataba unapoisha. Duka linawapa anwani ya mtaa kamili, nalo linapokea mzigo wa kampuni yoyote.

Upande wa kutuma ndiko mambo yanakopinda. Kifurushi cha nje hupimwa kilo, kisha hupimwa na ukubwa: urefu, upana na kimo kwa sentimita, vinazidishwa, vinagawanywa kwa 5,000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 16 hata kama ndani mna blanketi jepesi. Mtu huyo wa blanketi akishameza bei, anaulizwa jina la mtaa na namba ya nyumba ya shangazi yake Kasulu, Tanzania. Yeye anajua kwamba ni nyuma ya mashine ya kusaga, ukivuka mfereji. Mwishowe anaandika jina na simu ya mtu mwingine kabisa, mwenye duka la vipuri mjini, na shangazi atatumiwa ujumbe.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya kuondoka. Ukifunga kisanduku, huendi posta kuandikisha kwamba umehama, kama afanyavyo mwenye nyumba. Duka lililokupokelea ndilo linalowajibika kukuelekezea barua zako kwa miezi sita. Mtu ameshamaliza mkataba, pengine na kwa ugomvi, lakini bado kuna anayeshika yaliyo yake. Sisi tulioondoka nyumbani tuna watu wa namna hiyo, ila wao hawana ukomo wa miezi sita: kaka anayeulizwa deni letu, jirani anayepelekewa kadi yetu ya harusi, shemeji anayetusemea msibani. Hatukuwajazia fomu, na sidhani kama wengi wetu tumewahi hata kuwauliza kama wanakubali.

Tanzania nayo imezipa nyumba namba na mitaa majina. Operesheni ya anwani za makazi ilipamba moto mwaka 2022, na ni jambo jema, hasa kwa gari la wagonjwa na la zimamoto. Mizigo ya ndugu, hata hivyo, bado husafiri kwa basi, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa maka peni juu ya kiroba. Simu isipopokelewa, kijana wa ofisi ya mabasi humpigia aliyetuma: “Huku ana nani mwingine?”