400, 422 au 500: kosa ni la nani?

Ukifungua ukurasa usiokuwepo, seva hukujibu 404. Hiyo karibu kila mtu anaijua. Lakini kwetu sisi tunaoandika programu kuna swali gumu zaidi: mtu akileta ombi bovu, umjibu nambari gani?

Itifaki ya HTTP imezigawa nambari hizi kwa tarakimu ya kwanza. Inayoanza na 4 yasema, "Kosa ni lako wewe uliyeomba." Inayoanza na 5 yasema, "Kosa ni langu mimi seva." Jamani, tofauti hiyo si urembo. Nimewahi kukutana na seva ya kampuni fulani iliyojibu 500 kila mtu alipoandika nambari ya simu iliyopungua tarakimu. Programu ya simu ikadhani seva imelemewa, ikajaribu tena, na tena, na tena. Nambari haikujirekebisha. Bando la mteja likaliwa bure.

Haya, 400 au 422? RFC 2616 ya mwaka 1999 ilisema 400 ni ya ombi ambalo sarufi yake imeharibika. Mwaka huo huo WebDAV ilileta 422: sarufi ni safi, ila maagizo hayatekelezeki. Mwaka 2014 maana ya 400 ilipanuliwa, ikawa yafaa kwa kosa lolote la mwombaji. Kisha mwaka 2022, RFC 9110 ikaiingiza 422 katika HTTP yenyewe.

Mimi hufanya hivi:

- JSON iliyokatika katikati: 400.
- JSON safi yenye tarehe 31 Februari: 422.
- Asiyejitambulisha: 401.
- Anayejulikana lakini haruhusiwi: 403.
- Anayebisha hodi kupita kiasi: 429, na aambiwe asubiri kwa muda gani.

Wapo wasemao 400 yatosha kwa yote. Sigombani nao, mradi ndani ya jibu waeleze ni sehemu ipi iliyokosewa. Ninaogombana nao ni wale wanaojibu 200 huku ndani wameandika "imeshindikana". Mitambo inayolinda seva huona mambo ni shwari, kumbe wateja wanalia.

Kabla ya kuandika 500, jiulize: ombi hili hili likirudiwa baadaye bila kubadilishwa, laweza kufaulu? Kama haliwezi, usimwambie mwenzako kwamba wewe ndiwe mgonjwa. Mwambie arekebishe alichoandika.