Nilipomwandalia Binti Yangu Safari ya Kumfuata Mumewe

Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti hili mambo yaliyotupitia nyumbani kwetu Kongwa tulipokuwa tukimwandalia kitindamimba wetu safari ya kwenda Maskati kumfuata mumewe. Siandiki kwa kuwa mimi ni mjuzi wa safari. Nchi ya mbali kabisa niliyopata kuifika ni Zambia, tena kwa lori. Naandika kwa kuwa mimi ndimi walii wa binti huyo, na katika maandalizi yale nilifanya jambo moja ambalo wazee wenzangu walilihesabu kuwa ni utovu wa adabu.

Mume wake ni kijana wa Kondoa, fundi wa mitambo ya kupozea hewa, ambaye amekaa Maskati miaka minne. Alikuja likizo ya mwezi mmoja, ndoa ikafungwa hapa Kongwa kwa furaha, kisha akarejea kazini, na mke akabaki kwetu kungojea ruhusa ya kuingia nchi ile. Mama yake hakupoteza wakati. Alianza kuanika mlenda, akatwanga uwele, akakaanga karanga, akanunua ubuyu, na kila siku sanduku likafunguliwa likafungwa tena. Mimi nilikuwa nikitazama sanduku lile huku nikiliona jingine, sanduku la bati lenye maua mekundu, lililokaa chini ya kitanda cha shangazi yangu kwa miaka mingi.

Hapana budi nieleze habari za sanduku hilo.

Walio wengi wanaijua Kongwa kwa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walifyeka pori letu wakitaka kulima karanga za kuwapatia mafuta ya kula huko kwao. Ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua ikawapa kisogo, na mwaka 1951 mpango wote ukavunjwa. Wakaacha nyumba, wakaacha na njia ya reli iliyotoka Msagali. Mwaka 1964, karibu na stesheni ile iliyokwisha kuachwa, serikali yetu iliwapa nafasi wapigania uhuru wa nchi za kusini: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, na wengineo wa Angola na Zimbabwe. Watoto wa rika langu tulikua tukiwaona sokoni. Walijifunza Kiswahili, walicheza mpira nasi, na wengine wao walioa katika nyumba zetu.

Mwaka 1966 mmoja wao, kijana wa Afrika Kusini, alisilimu mbele ya imamu wetu, akapewa jina la Kiislamu, kisha akamposa shangazi yangu. Shangazi ni mdogo wake baba, naye amenizidi miaka minane tu. Nikahi ilisomwa baada ya sala ya alasiri, mashahidi wakawapo, mahari ikatolewa mkononi, na imamu akayaandika majina ya maarusi katika daftari la shule alilokuwa akihifadhi mambo ya msikiti. Kwa sharia ndoa ile ilikuwa sahihi. Babu yangu, aliyekuwa walii, hakumwuliza mkwewe jina la baba yake wala kijiji chake. Ilionekana ni aibu kumhoji mtu aliyeiacha nchi yake kwa ajili ya haki. Tena nasema kwa insafu kwamba hata angeulizwa asingejibu: wapiganaji wale walikuwa na majina ya safari, waliyopewa ili majasusi wa Makaburu wasiwajue wala kuwadhuru jamaa zao walioachwa nyumbani. Basi shangazi aliolewa na mtu mwenye majina matatu, la kwao, la safari na la dini, na lile la kwanza hatukulijua.

Mwaka 1967 wengi wao walihamishiwa Zambia, na mwezi wa Agosti mwaka huo kikosi chao kikavuka mto Zambezi kwenda kupigana. Ilitufikia barua moja tu, yenye stempu ya Zambia. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa shangazi hakusoma shule, mimi ndiye niliyemsomea. Ilikuwa fupi. Alimsalimu, akaomba radhi, akamwambia ajitayarishe, kwani nchi itakapokombolewa atamtuma mtu aje kumchukua.

Naye akajitayarisha. Alinunua lile sanduku la bati, akatia doti za kanga, shuka, mkeka wa kuswalia, sufuria mbili, na kifuko cha mbegu za karanga alichokibadilisha kila baada ya mavuno ili zisiharibike. Kila mwaka alizitoa kanga akazianika juani, akazikunja tena. Masheikh walimweleza hukumu ya mke ambaye mumewe amepotea asijulikane yu hai au amekufa. Kauli ya mwisho ya Imamu Shafii, ambaye sisi wengi tunafuata madhehebu yake, ni kwamba mke asubiri mpaka ipatikane yakini ya kifo au talaka. Lakini Imamu Malik ameshika ile hukumu iliyopokewa kwa Sayyidna Omar: mke apeleke shauri lake kwa kadhi, angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, halafu yu huru. Mlango huo alionyeshwa, naye hakutaka kuupita. Alijibu, "Mimi nimeambiwa nijitayarishe."

Februari 1990 vyama vya ukombozi viliruhusiwa tena huko Afrika Kusini, na wale waliokuwa uhamishoni wakaanza kurudi kwao. Zikatufikia habari kwamba wanawake wa Kitanzania waliokuwa wameolewa nao wanafuatana na waume zao. Mwaka 1991 nilimchukua shangazi tukaenda Morogoro, ambako Waafrika Kusini walikuwa wengi wakati ule. Tulikutana na mzee mmoja wa kwao, mtu mpole, mwenye Kiswahili kizuri. Akatuuliza maswali mawili: "Hilo mnalolitaja ni jina lake la kwao, au ni la safari?" na "Hati ya ndoa mnayo?" Jina tulilokuwa nalo lilikuwa la dini, alilopewa Kongwa. Ama lile daftari, mchwa walikwisha kulila zamani, na imamu alikuwa amefariki. Shangazi akatoa barua yake. Mzee yule akaisoma, akaigeuza, akaitazama upande wa nyuma usiokuwa na maandishi, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

Tulirudi Kongwa siku ileile. Njiani, tulipofika Gairo, shangazi aliniuliza kama nina njaa. Hakusema neno jingine hadi nyumbani.

Sasa msomaji atafahamu kwa nini, mama wa binti yangu alipokuwa akipima kilo za karanga, mimi nilikuwa nikitafuta karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka wazi kwamba ndoa ya Kiislamu iandikishwe na wahusika wapewe cheti, na cheti tulipewa siku ileile ya nikahi. Nikadhani kazi imekwisha. Nilipokitandaza mezani pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, niliona kwamba jina la binti yangu, ambalo katika Kiarabu lina sauti ya kh, limeandikwa kwa h tupu kwenye karatasi mbili na kwa kh kwenye ya tatu. Kwetu sisi ni jina lilelile. Kwa karani wa nchi nyingine hao ni wanawake wawili.

Herufi hiyo moja ilitugharimu majuma mengi ya kwenda na kurudi Dodoma, na kiapo mbele ya wakili, ndipo pasipoti ikaombwa. Nawausia wazazi wenye mabinti wadogo: pigeni cheti cha kuzaliwa jicho wakati mtoto angali mchanga, maana kosa linalokaa miaka ishirini na mitano huwa kama lina haki ya kukaa.

Herufi ile ndiyo iliyonitia wasiwasi juu ya karatasi za mkwe wangu. Nikamwita mshenga wake, mzee mwenzangu wa Kondoa, nikamwomba aniletee nakala ya pasipoti ya kijana, kibali chake cha ukaaji na mkataba wake wa kazi. Nilitaka pia kujua anakaa nyumba gani, pamoja na nani, na kama yuko mke mwingine. Mzee alininyamazia kitambo, kisha akasema, "Sheikh, mwana umekwisha kutuoza. Sasa unataka risiti?"

Sitaficha kwamba niliona haya. Kijana mwenyewe alikasirika, na kwa siku tisa hakupiga simu. Binti yangu alilia, mama yake akaniambia kuwa nitamvunjia mwanangu nyumba kabla hajaiingia. Usiku nilijiuliza kama si mimi ninayelipiza kwa kijana wa watu yale yaliyompata shangazi. Lakini nikakumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tena imeshushwa kwa waumini, watu ambao walikuwa wakiaminiana. Ikiwa deni la dirhamu linaandikwa baina ya wacha Mungu, mtu anayempeleka mwanawe ng'ambo ya bahari ana makosa gani akitaka kuona jina la anayemchukua?

Siku ya kumi nakala zilifika katika simu ya binti yangu. Kazi ilikuwa ya kweli, kibali kilikuwa hai, mke mwingine hakuwapo. Lakini jina! Katika pasipoti yake aliandikwa kwa jina la baba na la babu, ilhali siku ya nikahi, mbele ya jamaa zake wote, aliitwa na akaandikwa kwa lakabu ambayo Kondoa nzima inamjua kwayo. Hakukuwa na hila yoyote. Alikuwa amezoea kuitwa hivyo, nasi tulikuwa tumezoea kutouliza. Yeye ndiye aliyetakiwa kumwombea mkewe ruhusa ya kuingia, na cheti cha ndoa alichokwisha kukipokea kilisema mke ni wa mtu mwingine.

Alinipigia simu usiku ule. "Baba," akasema, "nisamehe. Ningalipeleka hivihivi."

Safari hii imamu alikuwa hai, mashahidi walikuwa hai, na daftari halikuliwa na mchwa. Tulirudi kwa aliyefungisha ndoa, maelezo yakaandikwa, cheti kikasahihishwa kwa taratibu zake. Kikafasiriwa, kikapigwa mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje huko Mtumba, kisha kikapelekwa ubalozi wa Omani Dar es Salaam. Mambo haya hayana utamu wa kusimuliwa, nami sitawachosha wasomaji kwa habari za foleni.

Mengine yalikuwa mepesi. Binti yangu ni mwalimu wa watoto wadogo, nikahakikisha anafahamu kwamba ruhusa ya kumfuata mume si ruhusa ya kazi, na kwamba ukaaji wake kule umefungamana na wa mumewe. Mahari yake nilimwachia mwenyewe kama ilivyo haki yake. Akaigawa, sehemu akanunua dhahabu, sehemu akaiweka benki kwa jina lake, kiasi cha nauli ya kurudi. Nilimwambia pasipoti yake aishike yeye, na anwani ya ubalozi wetu Maskati aiandike mahali pasipokuwa simu peke yake. Kwa kuwa watu wengi wa kule ni Maibadhi, nilimweleza asishangae akiwaona wameshusha mikono katika sala wala wasiitikie amina baada ya Fatiha. Lugha haikunitisha, maana Maskati hakukosekani nyumba zenye Kiswahili, za watu waliotoka Unguja na pwani yetu. Hata hivyo alisoma Kiarabu cha sokoni kwa miezi mitatu, na akagundua kwamba Kiarabu cha madrasa hakinunui nyanya.

Palikuwa na ugomvi mmoja tu, juu ya mlenda. Mama yake aliusaga ukawa unga wa kijani, akautia katika mifuko midogo ya nailoni, akaifunga mafundo. Nikamwuliza anadhani askari wa forodha atafikiri nini akikuta mifuko kumi ya unga wa kijani. Akasema ni mboga. Nikasema hilo nalijua mimi Mgogo. Mwishowe mlenda ulibaki, karanga zikaenda.

Alisafiri mwezi wa Shawwal. Usiku wa kuamkia safari jamaa walikuja kusoma dua, na shangazi alikuwapo, ameketi juu ya mkeka karibu na mlango. Sasa ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu, macho yake yamepungua nuru. Watu walipokwisha kuondoka alimwita binti yangu, akamwambia, "Mjukuu wangu, lete hiyo karatasi."

Binti akaleta bahasha. Shangazi akakitoa cheti, akakipapasa mihuri kwa kidole, akanikabidhi.

"Nisomee," akasema.

Nikaanza na taarikh ya ndoa. Akanikatiza. "Majina, baba. Soma majina."

Nikasoma jina la mume, la baba yake na la babu yake. Nikasoma jina la mke, langu mimi, na la baba yangu. Akaniambia nirudie, nikarudia polepole, neno baada ya neno. Kisha akakichukua, akakikunja kwa mikunjo yake ya awali, akakirudisha katika bahasha, na akamtaka binti yangu aiweke katika mkoba wake wa mkononi, asiitie sandukuni.