Nyota, Moja, Nne, Nne, Wavu

Shangazi yangu aliuza omena Busia, upande wa Kenya. Wateja wake wengi walivuka kutoka ng'ambo, ambako dagaa hao hao huitwa mukene, kwa hiyo alibeba simu mbili za mulika mwizi, moja ya laini ya Kenya, nyingine ya Uganda.

Kusoma alijua tarakimu tu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuangalia salio kwa *144#, na ile alama ya mwisho alikataa jina lake, akasema huo ni wavu. Basi tukaimba: nyota, moja, nne, nne, wavu. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini. Miaka miwili baadaye MTN ya Uganda ikaanza kutuma pesa, na kwao tulikuja kuzoea nyota, moja, sita, tano, wavu. Menyu zenyewe shangazi hakuzisoma hata siku moja. Alikariri njia, kama mtu anayejua kichochoro cha kutokea Sofia, pale mpakani, usiku bila tochi.

Kisha benki moja aliyofungulia akaunti ikapanga upya menyu yake. Alibonyeza palepale alipozoea, na pesa ya nusu gunia ikageuka muda wa maongezi. Mwezi huo hata majirani tuliokosana nao walipigiwa simu wajuliwe hali.

Chuoni nikakutana na dirisha jeusi la kompyuta: unaandika amri, unapiga ingiza, unajibiwa. Mwalimu alituambia hilo si la watu wa kawaida. Nilicheka kimoyomoyo, maana nilimjua mama muuza samaki aliyetoa amri kila siku kabla ya saa mbili. Ila ukweli ni kwamba wavu ulimjibu kwa orodha fupi, maana jibu moja halipiti herufi 182. Dirisha langu jeusi lilinikodolea kijistari kinachopepesa, halikuniambia linajua nini. Pale mtu asiye na wa kumpa neno la kwanza hukwama, awe msomi au asiwe.

Binamu zangu walimnunulia simu ya kupapasa yenye programu ya picha na rangi. Kila iliposasishwa, vitufe vilihama. Akampa mjukuu achezee, akarudi kwa mulika mwizi.

Nilipomtembelea mara ya mwisho alinikuta na kompyuta mapajani, dirisha jeusi limefunguka. Akainama akatazama.

"Hiyo nayo ukichelewa kujibu inakata?"

"Haikati, shangazi. Inasubiri mpaka niandike."

"Hata ukienda kunywa chai?"

"Hata nikilala."

Akatikisa kichwa, akavuta kigoda. "Basi hiyo ina adabu. Nionyeshe wavu uko wapi."