KAUNTI ILIYORUKA HEWANI

Mpenzi msomaji, waliosema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende hawakutoboa kinywa bure. Mimi nilikuwa nikiipachika methali hiyo katika kila insha ili mwalimu anipe alama, lakini maana yake hasa sikuijua mpaka likizo ya Agosti. Tega sikio nikusimulie.

Mjomba wangu ana karakana ndogo mtaani Kariobangi, jijini Nairobi. Zamani alikata mbao kwa msumeno wa mkono. Siku hizi ana ruta ya CNC, yaani mashine ya kukatia mbao inayoongozwa na kompyuta. Kisu chake, ambacho mafundi hukiita biti, huzunguka mara 18,000 kwa dakika huku kikifuata mchoro. Mashine hiyo aliinunua kwa mkopo ambao bado anaulipa kila mwezi. Karo yangu pia hutoka papo hapo.

Likizo hiyo alikuwa amepata kazi ya kukata ramani nane za Kenya za watoto wa chekechea. Kila ramani ilikuwa na vipande 47, kaunti zote zilizowekwa na Katiba ya 2010, ili watoto wajifunze kuzipanga. Plaiwudi moja ya futi nane kwa nne ilitoa ramani mbili, kila kilomita ya nchi ikiwa milimita moja ya ubao. Sasa hebu fikiria: Turkana ilikuwa pana kama sinia, nayo Mombasa ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti!

Mjomba alinikalisha mbele ya kompyuta kwa sababu nilikuwa nimemwambia, kwa kujigamba, kwamba mambo ya kompyuta nayaelewa.

"Sikiza, kijana," alisema. "Kipande kikishakatwa pande zote, hakuna kitu inakishika. Biti ikikigusa tena, kitasogea, na kikisogea kitaharibika ama kitaruka. Kwa hivyo unaweka tabu."

Nilicheka nikidhani anatania. Kumbe tabu ni vidaraja vidogo vya mbao ambavyo biti huviruka bila kuvikata. Vyetu vilikuwa na upana wa milimita tano na unene wa milimita moja na nusu. Vidaraja hivyo hukishika kipande kwenye ubao mpaka kazi iishe, kisha fundi huvikata kwa patasi na kulainisha kwa msasa.

"Usipoweka tabu, utaipata tabu," mjomba aliongeza akaenda zake.

Programu ilijiwekea tabu kwenye kaunti kubwa. Zile ndogo zilitaka mtu aziwekee mwenyewe, moja moja. Nilianza vizuri, lakini jioni hiyo kulikuwa na mpira kwenye runinga ya jirani, na kelele za mashabiki zilinichoma mkuki wa roho. Nikajiambia, "Si meza ina pampu ya kufyonza hewa? Ubao utashikwa tu." Vihiga, Nyamira na Mombasa nikaziacha hivyo hivyo. Nikatoka mbio.

Kesho yake mjomba aliniuliza, "Umeweka zote?"

"Ndio, anko. Zote."

Mashine ikanguruma. Turkana, Marsabit na Wajir zikakatwa safi, nami nikajipiga kifua. Ilipofika Vihiga sauti ikabadilika ghafla. Kipande kilijipinda, biti ikakitafuna upande mmoja. Mashine haina macho, kwa hivyo iliendelea na safari yake. Kufumba na kufumbua, ikawa kwenye Mombasa. Ta! Biti ikavunjika, na ile kaunti ikaruka kama jiwe la manati, ikampiga fundi mmoja usoni. Kioo cha miwani yake ya kukinga macho kikafanya ufa kutoka juu hadi chini. Mjomba aliruka akabonyeza kitufe chekundu.

Kimya kilitanda. Mjomba aliukagua ubao, kisha akaigeukia ile pampu. "Nani alifunga bomba ya pampu asubuhi?"

"Ni mimi, mkubwa," yule fundi alijibu kwa sauti ndogo, bado amejishika uso. "Lakini nilikaza."

"Ulikaza nini na vitu zinaruka? Plaiwudi imeenda, biti imeenda. Hiyo utalipa."

Msomaji, moyo ulinienda mbio. Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Nilimtazama mtu yule, ambaye nusura nimtoe jicho, akiinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake. Jasho lilinitoka. Nikasema, "Anko, bomba haina shida. Ni mimi sikuweka tabu kwa zile ndogo. Nilikudanganya."

Nilingoja kofi. Badala yake mjomba alichukua chaki, akaandika kwenye mlango wa kabati.

"Pampu haivuti ubao," alisema. "Inatoa hewa ya chini, halafu hewa ya juu inaukandamiza. Kule Mombasa, kila sentimita mraba inakandamizwa na uzito wa kilo moja hivi. Hapa Nairobi tuko juu zaidi ya mita 1,600, ni kama gramu 800. Pampu yangu inatoa nusu tu ya hewa, kwa hivyo gramu 400. Turkana ni sentimita mraba 700. Piga hesabu."

"Kilo 280."

"Na Mombasa ni mbili tu."

"Gramu 800," nilijibu nikitazama chini.

"Haifiki hata pakiti ya sukari. Na biti ikishapita, hewa inaingia kwa ule mfereji, nguvu inapungua tena. Kitu kubwa inajishika yenyewe. Ile ndogo ndio inataka kushikwa."

Siku hiyo sikuona mpira. Niliweka tabu kwenye kila kaunti. Mjomba alinionyesha pia kuanza na vipande vidogo wakati ubao ungali mzima, na kutumia biti inayosukuma mbao chini badala ya kuinyanyua. Kwa Mombasa tuliacha ngozi nyembamba ya nusu milimita chini yake, nami nikaikata kwa wembe, moja baada ya nyingine, zote nane. Ramani zilifika kwa mwenyewe siku iliyoahidiwa. Pesa nilizokuwa nimeahidiwa za viatu zikalipia plaiwudi na biti.

Nilipomwomba yule fundi msamaha, aliniwekea mkono begani akasema, "Yaishe. Lakini jua jicho halina spea."

Wanachama wenzangu, ile Mombasa iliyoruka nimeihifadhi ndani ya kibweta changu cha vifaa vya hesabu. Upande mmoja umetafunwa. Kila ninapotaka kuruka hatua ndogo katika kazi nikidhani hakuna atakayeona, mimi hukifungua kibweta nikaitazama, kisha nikarudia kazi yangu.