Utaridi Haiendi Mbali na Jua

Kuna sayari moja inasingiziwa kuliko mtoto wa kambo. Simu ikizima ghafla, ni yeye. Yule mliachana mwaka jana akikutumia "uko aje" saa sita usiku, ni yeye. Umetuma pesa kwa namba isiyo yake, ni yeye. Watu wanaiita Mercury, na kila miezi michache inatangazwa mitandaoni kama mvua ya mawe: imeanza kurudi nyuma, usisaini kitu, usinunue simu, usijibu mtu.

Kiswahili kina majina mawili ya hiyo sayari. Utaridi ni jina lililotoka kwa Kiarabu, familia moja na Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Zebaki ni jina la ile metali ya majimaji, na vitabu vingi vya shule hutumia hilo. Mimi nitasema Utaridi, juu zebaki yenyewe nina maneno nayo huko chini.

Sasa, mimi si mwanajimu. Nimesoma tu vitu vyao sana kwa sababu kila mtu ninayemjua kuanzia hapa Mabanga mpaka Kitale siku hizi ananiuliza mimi ni nyota gani kabla hajaniuliza kama nimekula. Na nikigundua kitu, ni kwamba watu wengi wanaolia juu ya Utaridi hawajui unajimu wenyewe unasema nini kuihusu.

Unajimu unasema hivi. Jua ni wewe mwenyewe: nia yako, heshima yako, kile kitu ndani yako ambacho kikiondolewa hubaki wewe. Utaridi ni akili na mdomo: vile unawaza, vile unaongea, vile unaandika, vile unafanya biashara. Warumi walimfanya mungu wa wafanyabiashara na wa wezi pia, na sidhani walikosea kuwaweka pamoja, muulize yeyote aliyenunua charja pale steji. Wanajimu wa Kiislamu wa zamani walipomchora Utaridi walimchora kama karani ameshika kalamu, na Jua wakalifanya mfalme. Fikiria baraza ya chifu. Chifu anasema maneno matatu, karani anaandika kumi. Lakini karani haendi kufanya baraza yake peke yake huko sokoni. Anakaa hapo kando ya chifu.

Na hii ya kukaa kando si mafumbo. Ni hesabu. Kutoka hapa duniani, Utaridi haionekani ikiwa mbali na Jua zaidi ya digrii 28 hivi. Nyoosha mkono wako mbele, kunja ngumi: hiyo ngumi ni kama digrii 10 za anga. Kwa hivyo Utaridi haijawahi kufika ngumi tatu kutoka kwa Jua. Haitawahi. Na kwa sababu kila nyota ya unajimu, yaani Kondoo, Ng'ombe, Mapacha na wenzao hadi kumi na mbili, imepewa digrii 30, Utaridi yako wakati ulizaliwa ilikuwa katika nyota ileile ya Jua lako, ama ile jirani ya mbele, ama ile jirani ya nyuma. Hakuna nyumba ya nne. Ukikutana na mtu anakuambia Jua lake liko Simba na Utaridi yake iko Ndoo, amekudanganya ama programu yake imeharibika.

Nina binamu yangu Kitale. Yeye na rafiki yake wa tangu darasa la nne walikuwa wanauza mitumba pamoja, kibanda kimoja, kodi wanagawana. Mwaka jana wakakosana juu ya belo moja iliyotoka na nguo mbaya. Binamu yangu akarekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne. Niliusikiza. Dakika ya kwanza ilikuwa ya belo. Zile tatu zilikuwa za mama ya yule rafiki, umaskini wao, na mambo mengine ambayo mtu huambiwa na rafiki tu, akiamini hayatarudi. Kesho yake akapandisha picha ya zambarau yenye nyota nyota, imeandikwa kwamba ni Mercury, tusameheane, hatukuwa sisi.

Yule rafiki aliiona picha. Hakujibu. Akahamisha nguo zake jioni hiyo.

Mimi nikafanya kile huwa nafanya, nikapiga hesabu. Kwanza, siku ile ya dakika nne Utaridi ilikuwa inaenda mbele vizuri kabisa, ilikuwa imebakisha wiki kadhaa ndio ianze hayo mambo ya kurudi nyuma. Pili, binamu yangu Jua lake liko Mapacha na Utaridi yake iko Mapacha. Yaani hata kwa huo unajimu anaouapia, yeye na mdomo wake wanalala chumba kimoja. Nikamwambia. Akaniambia ndio maana sina marafiki, mimi ni Nge.

Wacha nieleze hii ya kurudi nyuma, wanaiita retrogredi, kwa sababu ni rahisi kuliko vile inauzwa. Simama nje ya uwanja wa shule siku ya michezo, tazama mwanariadha mmoja akizunguka. Akiwa upande wa mbali na wewe, anaonekana anaenda kulia. Akifika upande wa karibu, anaonekana anaenda kushoto. Hajageuka. Ni vile wewe umesimama. Utaridi inazunguka Jua kwa siku 88, sisi tunachukua siku 365, kwa hivyo inatupita tena na tena, mara tatu kwa mwaka, mara nyingine nne. Kila ikipita upande wetu inaonekana kwa wiki kama tatu ikienda kinyume. Na sikia hii, maana hakuna anayeiweka kwa zile picha za zambarau: katikati ya hizo wiki tatu, Utaridi iko kati yetu na Jua, na ndio wakati imekaribia dunia zaidi katika mzunguko huo. Yaani wakati tunalia imetuacha, ndio imetusogelea.

Kuna siku chache sana inapita sawasawa mbele ya uso wa Jua, doa dogo jeusi. Ilifanya hivyo tarehe 11 Novemba 2019. Itarudia 13 Novemba 2032, kwetu ikiwa asubuhi kuelekea mchana. Wanajimu wa zamani walikuwa na sheria ya kushangaza hapo. Sayari ikiwa karibu na Jua, ndani ya digrii nane na kitu, walisema imeungua, haina nguvu, kama karani aliyefokewa na mfalme mbele ya watu. Lakini ikifika katikati kabisa, ndani ya robo digrii na kitu, waligeuza neno. Hapo walisema iko moyoni mwa Jua, na ina nguvu kuliko zote. Mimi hiyo sheria naipenda kama hadithi. Kwa sayari yenyewe, kuungua ni kweli tupu: mchana kule joto linafika nyuzi 430, usiku baridi inashuka hadi 180 chini ya sifuri. Kazi ya karani si rahisi.

Hiyo ya kuungua imenifikisha kwa binamu yangu tena, kwa sababu hakukomea kwa picha. Biashara ilipoanza kufa (mtu mmoja hawezi kulipa kodi ya watu wawili), akapiga namba iliyokuwa kwa karatasi imebandikwa kwa nguzo ya stima. Unazijua. Mapenzi, kazi, mali iliyopotea, nguvu. Yule jamaa akamwambia nyota yake imefunikwa na mtu wa karibu. Shilingi 4,500 kuifunua. Alipotuma, akaambiwa imefunuka nusu.

Sasa ona. Utaridi hufunikwa kweli. Wiki nyingi za mwaka huioni, imezama ndani ya mwangaza wa Jua. Hakuna jirani aliyeifunika. Na ikitoka, inatoka yenyewe, bure.

Na huyu wa nguzo hata si mrithi wa elimu ya Pwani, usidhani. Falaki ya Pwani ina utaratibu wake, na mojawapo ya njia zake ni kuhesabu herufi za jina lako na la mama yako kwa tarakimu za Kiarabu, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndio nyota yako. Tarehe ya kuzaliwa haiingii hapo hata kidogo. Kwa hivyo unaweza kuwa Mapacha kwa simu yako na Samaki kwa mzee wa Lamu, na hakuna aliyekosea hesabu. Ni hesabu mbili tofauti za watu wawili tofauti. Hilo peke yake lingefaa kutupoza kidogo kabla hatujavunja urafiki kwa sababu ya nyota.

Lakini hata wale wenye majina makubwa, sikiliza nani anaongea. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, yule mnajimu wa Dar es Salaam aliyefariki 2011, alikuwa anasikizwa Afrika Mashariki nzima. Kabla ya uchaguzi wa Tanzania wa 2010 alitangaza kwamba atakayejitokeza kushindana na Rais Kikwete ndani ya CCM atakufa ghafla. Hapo nani alisema, nyota ama mtu? Nyota haina mdomo. Mdomo ulikuwa wake, na ulikaa karibu sana na mfalme, ngumi tatu haifiki.

Kwetu huku Bungoma Jua tulikuwa nalo zamani bila programu yoyote. Angalia majina. Wekesa amezaliwa wakati wa mavuno. Wafula, mvua. Simiyu, kiangazi. Wanyonyi, palizi. Wanjala, njaa, na hakuna anayemwambia Wanjala ati atakufa na njaa, nawajua wawili wana vitambi. Misimu inafuata Jua likipanda kaskazini na kushuka kusini, kwa hivyo jina la Kibukusu ni nyota ya Jua kabisa, limeandikwa kwa kitambulisho. Linasema ulifika wakati gani. Halisemi utaongea na watu vipi. Sijawahi kusikia jina la mtoto aliyezaliwa Utaridi ikirudi nyuma. Hiyo sehemu ya mdomo kukhu aliifanya kwa mkono, na wakati mwingine kwa mwiko.

Niliahidi zebaki. Watu wa kale waliipa kila sayari metali yake: Jua likapewa dhahabu, na Utaridi ikapewa hii. Ukitaka kuona huo uhusiano kwa macho, huhitaji Ugiriki, nenda Kakamega. Dhahabu imechimbwa huko tangu miaka ya 1930, na wachimbaji wadogo bado wako. Wanasaga mawe, wanaweka maji, halafu wanamimina zebaki na kukoroga, wengi kwa mikono mitupu. Zebaki inaikimbilia dhahabu na kuing'ang'ania, mpaka inakuwa donge moja. Halafu wanalichoma. Zebaki inapaa kuwa moshi, dhahabu inabaki. Kama mtu alikaa chini kutunga mfano wa Utaridi na Jua asingetunga bora zaidi, isipokuwa huo moshi unaingia kifuani mwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Unaharibu neva na figo. Mikono inaanza kutetemeka, mtu anaanza kusahau. Tunaogopa sayari iliyo mamilioni ya kilomita, na hii iko safari ya matatu tu kutoka hapa, na sijaona mtu akiitengenezea picha ya zambarau.

Kwa wale wangependa kumwona karani mwenyewe: sisi wa ikweta tuna bahati, huku anapanda karibu wima kutoka upeo wa macho, si kama Ulaya anajilaza pembeni. Ngoja kipindi ambacho amejitenga na Jua upande wa jioni. Simama mahali wazi, uso magharibi kuelekea Malaba, Mlima Elgon ukiwa mkono wa kulia. Ngoja Jua lizame kabisa, usilitazame kamwe na macho matupu. Kama saa moja na robo, tafuta nukta iliyotulia, haimetimeti sana, chini, ndani ya ngumi mbili kutoka pale Jua lilipoingia. Una nusu saa hivi, halafu naye anazama kumfuata bosi.

Binamu yangu bado ana kile kibanda, nusu yake anakodisha mtu wa kushona. Ule ujumbe wa dakika nne hajaufuta, na hajatuma mwingine. Wiki iliyopita ameniuliza Utaridi itatulia lini ndio ampigie yule rafiki yake. Nikamwambia imetulia. Akasema atangoja kidogo.

Nyinyi je, Jua lenu liko wapi na Utaridi iko wapi? Wekeni tarehe zenu hapo chini tupige hesabu. Na kama kuna mtu Utaridi yake iko nyumba ya nne kutoka kwa Jua, huyo aje na cheti cha kuzaliwa.