Makro ikigoma, usikimbilie kumshuku mweka hazina

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tuliisikia tukiwa shuleni, na wengi wetu tulidhani daftari ni lile la kurasa 96 linalouzwa dukani. Siku hizi, msomaji mpendwa, daftari limehamia kwenye kompyuta. Chama cha akina mama huko Gatina, kikundi cha vijana wanaozoa taka Makina, kamati ya mazishi, shule ndogo ya mtaani inayolipwa karo kidogo kidogo: wote hawa utawakuta na faili ya Excel kwenye flashi, na ndani ya faili hiyo, mara nyingi, mna makro.

Makro ni nini? Ni orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine bila kuuliza swali. Badala ya mweka hazina kujumlisha michango ya wanachama wote kila mwisho wa mwezi, kumtafuta aliyechelewa na kumwandikia faini, anabonyeza kitufe kimoja na kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Ufundi huu si mgeni. Programu ya Lotus 1-2-3 ilikuwa na makro tangu mwaka 1983, na mwaka 1993 Excel ikapewa lugha ya Visual Basic ya kuandikia makro, ambayo inatumika mpaka leo. Lugha hiyo ina chumba chake cha kufanyia kazi, yaani kihariri cha makro. Ukibonyeza Alt pamoja na F11, mlango unafunguka.

Mimi hufundisha kompyuta nyakati za jioni huko Kibera, upande wa Olympic, na nyumbani kwangu ni Kawangware. Kwa hiyo mashauri hunifuata pande zote mbili. Wanaokuja huwa na maneno yale yale: "Mwalimu, kompyuta imeharibika." Mara nyingi kompyuta haina lolote. Kuna waliokwisha kumlipa fundi afute kila kitu na kuweka programu upya, kumbe ugonjwa wenyewe dawa yake ni kitufe kimoja. Hebu tuzitazame kero hizo moja moja.

Kero ya kwanza ni makro kutoweka. Mwanafunzi amefanya kazi yake vizuri katika saiba, akaihifadhi, na kesho yake haoni makro hata moja. Sababu ni jina la faili. Tangu toleo la mwaka 2007, faili ya Excel inayoishia na xlsx haibebi makro. Inayobeba ni ile inayoishia na xlsm. Programu hutoa onyo wakati wa kuhifadhi, lakini onyo lenyewe ni refu, na mtu aliyebakiza dakika tatu za kulipia hubonyeza tu "Yes" aende zake. Hapo makro imeachwa mlangoni.

Ya pili ni faili iliyotumwa kwa barua pepe au WhatsApp kukataa kuendesha makro, huku utepe mwekundu ukitokea juu ya skrini. Hiyo si hitilafu, ni ulinzi. Tangu mwaka 2022 programu za Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Kama unamjua aliyekutumia na unajua kilichomo, funga faili, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", kisha weka alama penye neno "Unblock". Kama humjui, iache ilivyo. Tarehe 26 Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilisambaa duniani kikiwa ndani ya makro ya faili ya Word, na kila kilipofunguliwa kilijituma kwa watu 50 wa kwanza katika orodha ya anwani za mwenye kompyuta. Aliyekitengeneza, David L. Smith wa New Jersey, Marekani, alihukumiwa kifungo mwaka 2002. Usiuchukie ulinzi huo.

Ya tatu huwatisha wengi. Makro imesimama katikati, mstari mmoja umepakwa rangi ya manjano, na ukirudi kwenye hesabu zako baadhi ya vitu havikutii. Watu huzima mashine kwa nguvu na kupoteza kazi ya asubuhi nzima. Kumbe kihariri kinakungoja tu. Kimesimama kwenye mstari uliomshinda na kinataka useme neno. Bonyeza kile kitufe cha mraba kilicho juu, chenye jina "Reset", na kila kitu kitarudi mahali pake.

Ya nne ni kichekesho. Makro nzima, isiyo na kosa lolote, inasimama yenyewe na kudai kwamba umeikatiza, ilhali hukugusa chochote. Ukiiendeleza inasimama tena palepale, kana kwamba ina kumbukumbu ya ugomvi wa zamani. Dawa yake haimo katika vitabu vingi lakini inafanya kazi: ujumbe ukitokea, bonyeza "Debug", kisha bonyeza Ctrl na Break mara mbili, halafu F5 iendelee hadi mwisho, na uhifadhi faili. Kompyuta nyingi za mkononi hazina kitufe cha Break, na hapa ndipo kibodi kubwa za saiba zinapothibitisha kuwa ya kale ni dhahabu.

Ya tano huwapata wanaohama na flashi. Faili iliyofanya kazi vyema Kibera inafika Kawangware na kulalamika kwamba haioni maktaba fulani. Mashine hizo mbili zina matoleo tofauti ya programu. Ndani ya kihariri, ingia "Tools", kisha "References", utafute mstari ulioandikwa "MISSING", na uondoe alama iliyo mbele yake. Ikiwa makro haihitaji kitu hicho kwa kweli, itaamka mara moja.

Sasa, msomaji, kero hizi tano zina jambo moja zinaloshirikiana: zote hupiga kelele. Unaona utepe, unaona manjano, unaona ujumbe wa Kiingereza. Zinaudhi, lakini hazimdanganyi mtu. Hitilafu ya kuogopwa ni ile inayofanya kazi yake kimya kimya, ikamaliza, na kukupa jibu lisilo la kweli kwa uso mkavu.

Nitakupa mfano. Mwaka 2023 chama kimoja cha Kawangware, chenye wanachama 24, kilikuwa kikichanga shilingi 500 kwa kila mtu, na kila mchango ulitakiwa kufika kabla ya tarehe 10 ya mwezi. Baadhi ya wanachama walikuwa wamehama kutoka Lindi na Laini Saba zamani, wakaendelea kuchanga na wenzao. Malipo yalipitia kwenye simu, na orodha yake ilipatikana kama faili ya CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato. Mweka hazina, mama mwenye kibanda cha mboga, alikuwa akiifungua faili hiyo kwa mkono wake na hesabu zikitoka sawa. Kisha kijana mmoja akamsaidia kwa nia njema: akaiongezea makro amri ya kuifungua faili yenyewe, ili mama asihangaike.

Ripoti ya Machi iliposomwa mbele ya wanachama, badala ya shilingi 12,000 ilionyesha 4,500. Watu waliolipa mapema wakaandikiwa faini, na aliyekuwa amelipa Januari akaonekana amelipa Machi. Kikao kilinyamaza. Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini mmoja aliuliza, "Mama, hizo 7,500 ziko wapi?" na wengine wakatazama chini. Anayeishi mitaa yetu anajua maana ya swali hilo. Mtu huweza kuhama ploti kwa swali kama hilo. Mama aliniletea kompyuta jioni hiyo hiyo akaniambia, "Mwalimu, mimi sijala shilingi ya mtu. Iulize hii mashine."

Basi tukaiuliza. Na namna ya kuiuliza makro ni moja: kuiendesha mstari kwa mstari. Katika kihariri unabonyeza F8, na kila ukibonyeza inatekelezwa amri moja tu, kisha makro inasimama. Unaweka kipanya juu ya jina lolote na kihariri kinakuonyesha thamani iliyobebwa na jina hilo wakati huo. Tulikwenda hivyo polepole, mama akiwa ameshika simu yenye jumbe za malipo, mimi nikisoma skrini. Mstari wa kufungua faili ulipopita, tukalinganisha. Simu ilisema 05/03/2023, tarehe tano Machi. Karatasi ya hesabu ilisema tarehe tatu Mei. Iliyofuata, 07/03, imekuwa tarehe tatu Julai. Waliolipa tarehe 3 Machi pekee ndio waliosalimika, kwa kuwa tatu ya tatu hata ukiigeuza ni ileile. Na aliyelipa tarehe 3 Januari, 03/01, akawa amelipa tarehe mosi Machi.

Kisa chake ni hiki. Ukifungua faili ya CSV kwa mkono, Excel hufuata taratibu za tarehe zilizowekwa kwenye kompyuta yako, na huku kwetu siku hutangulia mwezi. Lakini makro ikiifungua faili ileile, hufuata mtindo wa Kimarekani, ambapo mwezi hutangulia siku, isipokuwa umeiambia vingine. Haitoi onyo lolote. Na kwa kuwa wanachama wetu walikuwa wakilipa kabla ya tarehe 10, kila tarehe iliweza kugeuka na bado ikaonekana ni tarehe halali. Dawa ilikuwa kuongeza maneno mafupi mwishoni mwa amri ile ya kufungua: Local:=True. Tukaendesha tena. Ikaja 12,000, kamili.

Usidhani mambo haya ni ya vyama vya mitaani peke yake. Mwaka 2020, katikati ya janga la Korona, Uingereza ilijikuta visa 15,841 vya ugonjwa havikuingizwa kwenye hesabu ya taifa kwa wakati wake, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Matokeo yalikuwa yakifika kama faili za CSV na kuingizwa katika faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo hazibebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje. Watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa na kuonywa. Serikali kubwa yenye wataalamu iliponzwa na mashine iliyonyamaza, sembuse mama wa mboga?

Jambo jingine linaloongeza uzito ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ikafuata baadaye na Kiswahili chake. Hizo zilikuwa hatua njema. Hata hivyo, ndani ya kihariri cha makro bado ni Kiingereza kigumu, na mtu mzima aliyeaminiwa na wenzake huona haya kusema hajaelewa ujumbe ulioandikwa. Haya hiyo ndiyo inayozaa maneno ya chini kwa chini.

Kwa hiyo nina ushauri kwa familia na vikundi. Kabla ya kuendesha makro, weka nakala ya faili mahali pengine, kwa maana kazi ya makro haifutiki kwa amri ya kurudi nyuma, na stima ikipotea katikati utabaki na nusu hesabu. Kila mwezi chagueni wanachama watatu, mlinganishe malipo yao kwa mkono na yale ya kompyuta, tarehe kwa tarehe. Dakika kumi zinatosha. Na nyinyi wanafunzi mnaowatengenezea mama zenu makro, msiondoke mara tu kitufe kinapofanya kazi. Kaeni naye, mmwonyeshe F8, mmwambie kila mstari unafanya nini kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Yeye ndiye atakayeulizwa kikaoni, wala si wewe.

Mama yule alirudi kwa wenzake na karatasi mbili, ya kwanza yenye tarehe zilizogeuka na ya pili iliyo sawa, akazieleza mwenyewe. Faini zikafutwa. Aliyeuliza lile swali alimwomba radhi, ingawa si siku hiyo; ilichukua wiki kadhaa. Chama bado kinachanga, na makro bado inatumika. Ila sasa, kabla ya kusoma jumla, mama husoma kwanza tarehe kwa sauti, na kila mwanachama huitikia yake.