Bia Hai Tunayo, Ni Vile Tunaionea Haya

Kuna swali ambalo weita wa Nairobi hukuuliza kabla hata hujakaa vizuri: "Baridi ama moto?" Moto hapa si kitu kimechemshwa. Ni bia iliyokaa kwenye kreti, nje ya friji. Wazee wetu wengi hujibu "moto" bila kufikiria mara mbili, na sisi vijana tunacheka. Tunaona huo ni ushamba wa enzi za kabla ya stima.

Sasa wasee, shikeni hii. Kule Uingereza, wale wanywaji wanaojiona wajuzi kabisa wa bia hawataki kitu cha barafu. Wanaitaka iwe na baridi ya pango tu, nyuzi 11 hadi 13 hivi. Wanasema ikigandishwa ulimi hausikii kitu. Kwa hivyo yule mzee wa kreti yuko karibu na wajuzi wa London kuliko wewe na chupa yako inayotoka jasho.

Kama hujafika miaka 18, hii post isome kama historia tu. Na kama hunywi kabisa, hakuna mtu anakulazimisha. Kuna habari ya watu na kazi yao humu ndani, kaa tu.

Mwaka 1971, wanaume wanne Waingereza walichoka na bia ya nchi yao. Kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kuchuja bia, kuua hamira yote kwa joto, halafu kuisukuma na gesi kutoka kwa mtungi. Ilikaa muda mrefu bila kuharibika, lakini ladha ilikuwa moja kila baa. Hao wanne wakaanzisha kikundi kinachoitwa CAMRA kutetea bia ya zamani. Bia hiyo huingia kwenye pipa ikiwa bado hai. Hamira iko ndani, inaendelea kufanya kazi, inatengeneza gesi yake yenyewe. Ikifunguliwa ina siku chache tu, baada ya hapo imekwisha. Kikundi hicho kilikua hadi kikawa na wanachama wengi sana, na leo bia hai ni kitu Waingereza wanajivunia na kumpeleka mgeni akaonje.

Niliposoma hayo maelezo mara ya kwanza nilimaliza na kujiambia: hii si ni busaa?

Mimi naishi Jamhuri. Ukitoka kwetu ukavuka upande wa chini, dakika chache uko Kibera, na huko ndiko senje yangu alipika busaa miaka mingi. Karo yangu ya sekondari, nusu nzuri ilitoka kwenye pipa lake. Kwa hivyo nikiongea hapa siongei kama mtu wa Google.

Busaa inaanza na unga wa mahindi. Unachanganywa na maji, unafunikwa, unaachwa siku kadhaa uchachuke. Halafu unakaangwa kwenye bati juu ya moto mpaka ugeuke vipande vya kahawia vinavyonuka kama mkate ulioungua kidogo. Hapo ndipo kazi iko. Moshi unakuchoma macho, mgongo unauma, na ukiacha kugeuza dakika moja tu, umeunguza kazi ya wiki nzima. Baadaye vile vipande vinaingia kwenye pipa na maji, halafu kimea. Kimea ni wimbi lililoloweshwa likaota, likaanikwa, likasagwa. Bila kimea hakuna pombe, kwa sababu ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Siku mbili tatu hivi, pipa linaanza kuongea. Senje alikuwa anaweka sikio karibu na kujua kama iko tayari. Inachujwa, machicha yanaenda kwa mwenye nguruwe, na busaa inauzwa kwa kasuku, ile mikebe ya mafuta ya kupikia.

Haijachujwa kuwa maji. Haijaongezwa gesi. Iko hai, na kesho kutwa itakuwa imekuwa kali kupita kiasi. Kila kitu ambacho Mwingereza analipia pesa nzuri, senje alikuwa nacho kwenye kasuku.

Tofauti ni vile tulivyofundishwa kuiangalia. Na hiyo haikuanza jana. Miaka ya 1920, serikali ya mkoloni hapa Nairobi iliwakataza wanawake Waafrika kupika pombe ya kuuza, halafu baraza la mji likafungua ukumbi wake wa pombe Pumwani na kuuza lenyewe. Fikiria hiyo hesabu. Pombe ni ile ile, wanywaji ni wale wale, kilichobadilika ni mfuko. Mwaka 1922 ndio pia Kenya Breweries ilianza. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwinda, na ndio maana Tusker ina jina la ndovu dume na picha yake kwenye lebo. Hiyo hadithi kila mtu anaijua. Ile ya wanawake wa Pumwani waliokamatwa kwa kupika, nani amewahi kuiona kwenye lebo ya chupa?

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Lakini hizo pombe zinaua watu." Tuongee basi, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganya mambo.

Kuchachusha na kukeneka ni vitu viwili tofauti. Busaa, muratina na mnazi zimechachushwa tu. Kwa kawaida ni nyepesi. Chang'aa imekenekwa, yaani imechemshwa na mvuke wake ukakusanywa, kwa hivyo ni kali zaidi. Na juu ya hapo kuna wezi wanaochukua methanoli, kemikali ya viwandani, wanaitia kwenye kinywaji ili kiume haraka na faida iwe kubwa. Mwaka 2000 hapa Nairobi, kumi kumi yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100, wengi wao Mukuru. Mwaka 2014 watu wengine wengi wakafa kaunti kadhaa kwa siku chache. Hiyo haikuwa busaa ya mtu aliyelowesha wimbi.

Binamu yangu alikuwa anakunywa kwa senje. Marafiki wakamcheka, eti busaa ni ya wazee na watu wa mjengo. Akahamia vile vichupa vidogo vya bei rahisi vyenye lebo inayong'aa na muhuri. Vilikaa kisasa. Asubuhi moja aliamka akauliza nani amezima taa, na ilikuwa saa tatu na jua limeshapanda. Daktari alisema methanoli. Leo anaona vivuli tu kwa jicho moja. Ana miaka 27. Kwa hivyo mtu akiniambia kitu kina lebo basi ni salama, mimi huwa naangalia chini nikanyamaza.

Sisemi busaa ni dawa. Ukitumia maji machafu utaumiza watu. Pipa chafu ni pipa chafu, hata kama ni la nyanya yako. Na nimeona nyumba ambazo baba alimalizia mshahara kwenye kasuku, watoto wakalala na chai ya rangi. Mlevi wa busaa na mlevi wa bia ya Westlands wote ni walevi.

Lakini angalia vile tunavyohukumu. Hapa kwetu kwa miaka kadhaa sasa kumekuwa na watengenezaji wadogo wa bia. Kuna Sierra, kuna Bateleur, kuna 254 ambao wamechukua kodi ya simu ya nchi yetu wakaifanya jina. Mimi nawapenda, na nakunywa kwao nikiwa na ganji. Unaketi, mtu anakueleza kimea kimetoka wapi, imechachuka vipi, kwa nini ina ukungu kidogo. Unapiga picha. Ukivuka barabara, mama anayefanya kazi ile ile kwa mahindi na wimbi anaruka ukuta akisikia buti. Sheria ya pombe ya 2010 inataka leseni, na ni sawa, mimi sipingi leseni. Ninachouliza ni: mama wa mapipa mawili ataipata vipi? Nani amemwonyesha njia? Nani atakuja kupima maji yake badala ya kuja kuyamwaga?

Tulishaona pia bei inavyofanya kazi. Mwaka 2004 Senator Keg ililetwa ili mtu wa kipato kidogo apate kitu salama, na serikali ikapunguza ushuru. Mwaka 2013 ushuru ukapandishwa, bei ikapanda, mauzo yakaanguka. Watu hawakuacha kunywa. Walienda mahali pengine, na mnajua ni wapi.

Ombi langu ni dogo. Leseni ya bei ya mtu mdogo. Mtu wa afya wa kupima maji na vyombo. Mtaa ujue nani anapika, ili kitu kikiharibika ajulikane. Mwizi wa methanoli anapenda giza, na sisi tumewasukuma kina senje kwenye giza hilo hilo.

Sasa tupeane orodha. Yangu ndiyo hii, na mnakubaliwa kuibishia.

Ya kwanza ni busaa ya siku ya tatu, ikiwa na uchachu kama mala na ile ladha ya kuchomwa. Inywe ukila kitu.

Ya pili ni muratina ya ruracio, iliyochachushwa na lile tunda refu linalofanana na soseji kubwa. Ya asali inazidi ya miwa, na hapo sitaki mjadala. Wazee hugawana kwa pembe, na hakuna anayejimwagia mwenyewe.

Ya tatu ni mnazi wa Kilifi, asubuhi, mara tu mgema akishuka. Wakati huo ni tamu kama soda. Jioni ni mnyama mwingine. Lakini usimsifu mgema sana, mnajua atakachoweka.

Ya nne ni ile yenye rangi ya shaba na uchungu wa mmea wa hopi, ya hawa watengenezaji wadogo wa hapa. Glasi moja, mazungumzo marefu.

Ya tano, Tusker moto. Cheka, halafu ujaribu.

Ukiangalia hiyo orodha, tatu za kwanza haziwezi kunywewa peke yako. Zinaharibika haraka, kwa hivyo lazima uite watu. Kina Luo na Waluhya waliweka mtungi katikati na kila mzee na mrija wake mrefu. Ukinywa hivyo mtu anakuona. Ukizidisha, kuna mtu wa kukuambia leo inatosha. Chupa ndogo ya mfukoni haina mtu wa kukuambia.

Senje hapiki tena. Watu walikuja usiku na rungu, wakamwaga mapipa yote mawili, na magoti yake yalikuwa yameshachoka hata hivyo. Siku hizi anauza omena. Kila Jumapili naenda na daftari, ananieleza kipimo, na kila mara tunagombana kwa sababu yeye hana kipimo. "Kimea utaweka mpaka mkono ukuambie." Nauliza ni gramu ngapi. Ananiangalia kama mtu aliyepotezewa karo. Nimejaza kurasa sita, na bado hatujafika kwenye kukaanga.

Kama kwenu kuna kukhu, shosho au dani aliyewahi kupika, mpigie simu wiki hii. Muulize alikuwa anajua vipi kama imeiva. Andika chochote atakachosema.